Nani Akate Majani? Chicago, Nyumba Tupu na Benki Isiyotaka Kuitwa Mwenye Nyumba

Januari 2011 taasisi ya utafiti ya Woodstock Institute, yenye makao yake Chicago, ilitoa hesabu ya nyumba ilizozipa jina la "bendera nyekundu". Zilikuwa takriban 1,900. Ndani hakai mtu. Benki imefungua kesi ya kutaka nyumba iuzwe kufidia mkopo, kisha kesi imelala: haijafika mnadani, haijafutwa, wala mkopo haujapangwa upya. Aliyekopa ameshahama na anayedai hajaingia. Zaidi ya theluthi mbili ya nyumba hizo zilikuwa kwenye mitaa ya Wamarekani weusi, na taasisi ilikadiria kwamba zingeligharimu jiji dola milioni 36.

Miezi sita baadaye baraza la madiwani lilipitisha sheria ndogo iliyosema, kwa ufupi, kwamba mwenye nyumba asipoonekana basi benki yenye rehani itakata majani. Mwaka haujaisha, jiji likawa limeburutwa mahakamani na wakala wa serikali ya shirikisho. Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa jiji na mabenki. Nadhani kinaeleweka vizuri zaidi kikisomwa kama ugomvi wa ngazi mbili za serikali, kila moja ikidai inalinda fedha za mlipakodi yuleyule.

Nyumba inavyobaki bila mwenyewe

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo la kwanza la kushangaza ni muda. Kenya, chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki inatoa notisi ya miezi mitatu, kisha ya siku 40 ya kusudio la kuuza, halafu dalali anaanza kazi. Mahakama huingia pale mkopaji anapokimbilia kuomba zuio. Illinois, jimbo lenye Chicago, kuanzia mwanzo hadi mwisho ni kazi ya mahakama. Benki inafungua kesi, mkopaji anapelekewa hati ya kuitwa, na kwa nyumba ya kuishi anapewa miezi saba tangu kupokea hati hiyo, au mitatu tangu hukumu, kutegemea upi utakaochelewa kuisha, aweze kuikomboa nyumba yake. Ndipo mnada ufanyike, na hata huo haujakamilika mpaka jaji authibitishe. Baada ya soko la nyumba kuanguka mwaka 2007, majalada yalirundikana katika mahakama za Kaunti ya Cook, iliyo na Chicago ndani yake. Mwishoni mwa 2010 ikalipuka kashfa ya hati za viapo zilizokuwa zikisainiwa kwa mafungu bila kusomwa, na benki kadhaa kubwa zikasimamisha kesi zao kwa muda.

Siku zote hizo jina lililo kwenye hati ya nyumba ni la mkopaji. Yeye ndiye wa kulipa kodi ya majengo na yeye ndiye wa kuitwa na mkaguzi wa jiji. Lakini mtu aliyepokea karatasi ya mahakama yenye muhuri na kurasa za maneno ya kisheria, mara nyingi alielewa jambo moja tu: nyumba imekwenda. Akafunga virago kabla ya kufukuzwa. GAO, ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, ilieleza katika ripoti ya Novemba 2010 kwamba miongoni mwa waliohama wamo ambao hawakujua kabisa kuwa nyumba bado ni yao.

Benki nayo ina kalamu na karatasi. Inapiga hesabu ya kodi iliyolimbikizwa, gharama za wakili, ukarabati, dalali wa nyumba, kisha inaangalia bei ambayo nyumba hiyo itapata huko Englewood au Roseland, mitaa ya Chicago. Ikiona hasara, inaacha kesi ife kimyakimya na kuufuta mkopo vitabuni, huku rehani ikibaki imesajiliwa. GAO ilikadiria kwamba kati ya Januari 2008 na Machi 2010 nyumba zilizotelekezwa namna hiyo nchini Marekani zilikuwa kati ya 14,500 na 34,600. Ni chini ya asilimia moja ya nyumba tupu zote, na ukiishia hapo utasema tatizo ni dogo. Ila hazikutawanyika sawasawa. Zilirundikana katika miji michache, na ndani ya miji hiyo katika mitaa michache, kiasi kwamba takwimu ya kitaifa haimwambii chochote mtu mwenye mbili zake kushoto na moja kulia.

Nyumba za mitaa hiyo ya Chicago nyingi ni za matofali, za familia moja au za ghorofa mbili, familia moja juu na nyingine chini. Ukuta wa tofali huvumilia. Kinachoharibika kwanza ni mabomba. Januari maji yaliyosahauliwa ndani huganda, bomba hupasuka, na barafu ikiyeyuka chumba cha chini ya ardhi hujaa. Kabla ya hapo au baada yake huja watu wa vyuma chakavu, na shaba ikishang'olewa ukarabati unaweza kuzidi bei ya nyumba yenyewe. Hii ndiyo sababu siku za mwanzo ndizo zenye thamani. Kuyatoa maji yaliyomo kwenye mabomba na kupigilia plaiwudi madirishani ni kazi ya nusu siku na pesa kidogo, mradi ifanyike mapema na mtu mwenye idhini ya kuingia.

Chicago ilikuwa na bahati ya kuwa na hesabu za gharama hizi kabla soko halijaporomoka. William Apgar na wenzake, katika utafiti wa 2005, walionyesha kwamba kesi ya rehani inayomalizika bila nyumba kubaki tupu huligharimu jiji na idara zake dola 27 tu. Nyumba ikibaki tupu lakini imefungwa vizuri, dola 430. Ikitelekezwa, ikaachwa wazi na mwisho ikaungua, dola 34,199. Mwaka uliofuata Dan Immergluck na Geoff Smith wakapima upande wa majirani: kila kesi ya rehani ndani ya takriban mita 200 ilipunguza bei ya nyumba ya jirani kwa karibu asilimia 0.9. Aliyelipa mkopo wake kwa wakati, mwezi baada ya mwezi, alikuwa akipoteza mtaji kwa sababu ya nyumba asiyokuwa na sauti juu yake.

Na jiji lilimtafuta nani? Mkopaji kahamia jimbo jingine. Kwenye daftari la ardhi la kaunti, mahali pa jina la mwenye rehani, mara nyingi palikuwa pameandikwa MERS, mfumo wa kielektroniki ambao kampuni za mikopo ziliuanzisha mwaka 1995 ili ziuziane mikopo bila kusajili upya kila mara. Mkopo wenyewe ulikuwa umefungwa pamoja na maelfu mengine na kuuzwa kwa wawekezaji. Benki kubwa inashikilia kama mdhamini wa wawekezaji hao, na kampuni nyingine kabisa ndiyo inayokusanya marejesho. Mkaguzi akimpigia mdhamini, anaambiwa hiyo ni kazi ya mkusanyaji. Mkusanyaji naye anasema hana idhini ya mwekezaji.

Sheria ndogo

Desemba 22, 2010, moto uliwaka katika jengo la dobi lililotelekezwa mtaa wa 75 upande wa mashariki, eneo la South Shore. Watu wasio na makazi walikuwa wakijihifadhi humo na baridi. Wazima moto waliingia kuwatafuta, paa likaanguka, wawili wakafa na wengine wengi wakajeruhiwa. Ilikuwa siku ileile ambayo jiji lilikuwa likiadhimisha miaka 100 ya moto wa machinjio wa 1910 uliowaua wazima moto 21. Baada ya hapo hakuna diwani aliyeweza kusema nyumba tupu ni suala la sura ya mji tu.

Haya yasemwe wazi, kwa sababu katika mijadala yalichanganywa: lile dobi halikuwa nyumba ya kuishi iliyokwama kwenye kesi ya rehani. Lilikuwa na mmiliki anayejulikana, na jiji lilishamfuatilia kwa makosa ya jengo hilo. Jengo lililoleta hasira lilikuwa la aina moja, na sheria iliyotungwa ilikuwa ya aina nyingine. Hasira ndiyo iliyotoa kura.

Pat Dowell, diwani wa kata ya 3 upande wa kusini, ndiye aliyeusimamia muswada. Chicago ilikuwa tayari inawataka wamiliki wa majengo matupu wayasajili na kuyatunza. Mabadiliko ya Julai 2011, miezi miwili tu tangu Rahm Emanuel aingie umeya, yalipanua maana ya mmiliki ikamhusisha na mwenye rehani. Mabenki yakapiga kelele, na si bila sababu: ukimwita mtu mmiliki unambebesha kila kitu kinachomfuata mmiliki, hadi kesi ya mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Novemba baraza likarekebisha. Mwenye rehani akaondolewa kwenye tafsiri ya mmiliki na kuwekewa kifungu chake mwenyewe, chenye wajibu uliotajwa mmoja mmoja.

Kwa kifungu hicho kipya, mwenye rehani ambaye mkopaji wake ameacha kulipa anatakiwa kuchunguza kila mwezi kama nyumba ina mtu. Ikiwa tupu na haijasajiliwa na yeyote, anaisajili yeye kwa ada ya dola 500, ndani ya siku 30 tangu ibaki tupu au siku 60 tangu malipo yakome, kwa kufuata tarehe ya mwisho kati ya hizo mbili. Kisha anakata majani, anaziba milango na madirisha, anamwaga maji mabombani kabla ya baridi, anabandika kibao chenye jina na namba ya simu, na anapokea malalamiko. Asipofanya, faini ni kati ya dola 500 na 1,000, na kila siku inahesabiwa kosa jipya.

Wazo halikuzaliwa Chicago. Mji wa Chula Vista, kusini mwa California, ulikuwa umeanza kuwabana wakopeshaji hivyohivyo mwaka 2007, na miji mingi ikaiga. Uzito wa Chicago ni ukubwa wake: watu milioni 2.7, jiji la tatu la Marekani. Likifaulu hapo, kila meya atalinakili.

Nimeisoma orodha ile ya wajibu mara kadhaa kwa sababu ya kitu ambacho sikioni kikisisitizwa vya kutosha. Mikopo mingi ya nyumba nchini Marekani huandikwa kwenye fomu moja ya rehani iliyotayarishwa na Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni mbili zinazonunua au kudhamini mikopo ya benki. Fomu iliyokuwa ikitumika miaka hiyo, katika kifungu cha 9, inampa mkopeshaji haki ya kuilinda nyumba iliyotelekezwa, na inataja mifano: kuingia kufanya matengenezo, kubadilisha vitasa, kuziba milango na madirisha kwa mbao, kumwaga maji mabombani, kuondoa makosa ya kanuni za ujenzi. Halafu inaongeza kwamba mkopeshaji halazimiki kufanya lolote kati ya hayo, na akiamua kufanya, gharama zinaingia kwenye deni la mkopaji. Weka kifungu hicho kando ya sheria ndogo ya Chicago. Vinafanana karibu kazi kwa kazi. Jiji halikubuni mzigo mpya. Lilichukua haki ambayo benki ilijiandikia yenyewe na kuigeuza wajibu. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba benki haina idhini ya kukanyaga uani mpaka mnada uthibitishwe, mimi inanipita. Idhini iko kwenye mkataba, na imesainiwa.

Hoja ya benki yenye uzito ni nyingine: utajuaje kwamba nyumba ni tupu? Mtu aliyelazwa hospitali wiki sita, aliyesafiri kumzika mama yake, au aliyekatiwa umeme, nyumba yake ikitazamwa kutoka barabarani inafanana na iliyotelekezwa. Septemba 2013 Lisa Madigan, mwanasheria mkuu wa Illinois, aliishtaki Safeguard Properties, kampuni kubwa inayokagua na kufunga nyumba kwa niaba ya wakopeshaji, akidai wafanyakazi wake walibadilisha vitasa, kukata maji na umeme na kutoa vitu katika nyumba ambazo watu walikuwa bado wanaishi. Mwaka 2015 shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni moja. Sheria inayotoza hadi dola 1,000 kwa siku kwa kuchelewa kufunga nyumba inamsukuma mkandarasi kwenye kosa hilohilo. Walioitunga sheria ya Chicago walimwona jirani vizuri sana, lakini mkopaji ambaye hajahama hawakumwona hivyo.

Washington yaingia

Septemba 2008, soko likiwa linateketea, serikali ya Marekani iliziweka Fannie Mae na Freddie Mac chini ya uangalizi wa wakala mpya, Federal Housing Finance Agency, FHFA. Kampuni hizo mbili hazikopeshi mtu moja kwa moja. Hununua au kudhamini mikopo ya benki, na zilikuwa nyuma ya takriban nusu ya mikopo yote ya nyumba nchini. Hazina iliziingizia zaidi ya dola bilioni 187 zisife. Sheria iliyounda wakala huo, iliyopitishwa Julai 2008 na kujulikana kwa kifupi kama HERA, iliukinga kwa kuta kadhaa. Unapokuwa msimamizi, wakala haupokei maelekezo ya chombo kingine chochote, cha shirikisho wala cha jimbo. Mahakama haziruhusiwi kuuzuia usitumie mamlaka yake. Umesamehewa kodi zote za jimbo, kaunti na jiji, isipokuwa kodi ya majengo inayotozwa kwa thamani. Na hauwajibiki kwa adhabu wala faini.

Ukishaiweka sheria ndogo ya Chicago mbele ya kuta hizo, kesi inajieleza. FHFA ilifungua shauri Desemba 2011 katika mahakama ya shirikisho hapohapo Chicago. Ilidai kwamba jiji linamwelekeza msimamizi namna ya kutunza mali iliyo chini yake, linamtoza kodi kwa jina la ada, na linamtishia faini. Iliongeza kwamba kampuni zinazokusanya marejesho kwa niaba ya Fannie Mae na Freddie Mac tayari zina maelekezo ya kukagua na kulinda nyumba tupu. Jiji lilijibu kwamba afya na usalama wa mitaa ni kazi ya serikali za mitaa tangu zamani, na kwamba bunge lingetaka kuiondoa kazi hiyo mikononi mwao lingesema waziwazi.

Agosti 23, 2013, jaji Thomas Durkin aliamua kwa FHFA bila kesi kufika kwenye ushahidi wa mashahidi, kwa kuwa mambo ya msingi hayakubishaniwa. Alikubali kwamba kutunza dhamana ya mkopo ni sehemu ya kusimamia mali za kampuni hizo, na kwamba bunge liliikabidhi kazi hiyo kwa mtu mmoja ili majiji hamsini yasimvute kila moja upande wake. Ile ada ya dola 500 aliiona ni kodi, na kodi pekee ambayo HERA iliiacha mlango wazi ni ya majengo.

Kwa jinsi HERA ilivyoandikwa, sioni jaji angefikaje kwingine. Ukuta wa faini peke yake ulitosha kuing'oa sheria meno mbele ya Fannie na Freddie, hata kama ada ingefutwa siku ya kwanza. Bado najiuliza kwa nini jiji liling'ang'ania ada hiyo. Dola 500 kwa nyumba, wakati mmiliki wa kawaida alikuwa akilipa chini ya hapo kusajili jengo tupu, ilimpa mlalamikaji hoja rahisi kuliko zote. Kata majani ni amri ya afya. Lipa dola 500 kwanza, halafu kata majani, hiyo inanuka mapato.

Kilichobaki baada ya hukumu ni hali ya ajabu kidogo. Sheria haikufutwa. Iliendelea kuwabana wakopeshaji wengine wote: benki za biashara, wadhamini wa wawekezaji binafsi, vyama vya mikopo. Waliotoka ni FHFA na kampuni mbili zilizo chini yake. Kwa hiyo katika mtaa mmoja nyumba mbili zinazofanana, zote tupu, zote majani kiunoni, moja mkopo wake uko kwa benki binafsi na jiji linaweza kuitoza kila siku, nyingine mkopo wake umeuzwa kwa Fannie Mae na jiji linabaki kuomba. Jirani hawezi kuzitofautisha. Daftari la ardhi nalo, kwa sababu ya ule mfumo wa MERS, halimsaidii sana.

Hoja ya mlipakodi ndiyo inayonisumbua hapa. FHFA ilisema kila dola inayotolewa kwa jiji ni dola inayotoka kwa mlipakodi wa Marekani aliyeziokoa kampuni hizo. Ni kweli. Lakini mlipakodi wa South Shore ni mlipakodi wa Marekani pia, na alilipa mara tatu: aliziokoa, akapoteza sehemu ya thamani ya nyumba yake kwa sababu ya nyumba iliyo nyuma ya mkopo wao, kisha akailipa idara ya jiji ije kuiziba. Mahakama haikuulizwa kama hilo ni haki. Iliulizwa nani ana mamlaka, ikajibu hilo tu.

Baada ya hukumu

Miji mingine ilijikwaa penginepo. Springfield, Massachusetts, ilitunga sheria mwaka 2011 iliyomtaka mkopeshaji aweke dhamana ya fedha taslimu dola 10,000 kwa kila nyumba, na benki za eneo hilo zikaenda mahakamani. Desemba 2014 mahakama ya juu ya jimbo ikasema sheria za jimbo zilishaijaza nafasi hiyo. Los Angeles haikutunga kitu. Mwaka 2011 iliishtaki moja kwa moja Deutsche Bank, iliyokuwa mdhamini wa mamia ya nyumba zilizooza, na mwaka 2013 shauri likaisha kwa makubaliano ya dola milioni 10.

Illinois yenyewe ilichagua njia ambayo naiona bora kuliko ya jiji: kuufupisha ule muda wa katikati. Februari 2013, miezi sita kabla ya hukumu ya Durkin, gavana Pat Quinn alisaini sheria iliyoanza kutumika Juni mwaka huo. Nyumba ikithibitishwa mbele ya jaji kwamba imetelekezwa, kesi inakwenda njia ya mkato na mnada unafika haraka. Anayepinga anaweza kujitokeza na kusema yuko ndani, na akijitokeza njia ya mkato inakoma, jambo ambalo sheria ya Chicago haikulitilia maanani. Fedha za kusaidia miji zilitafutwa kwa wenye kufungua kesi: anayefungua 175 au zaidi kwa mwaka analipa ada ya ziada ya dola 500 kwa kesi, wa kati dola 250, na mdogo dola 50. Makusanyo yaliingia kwenye mfuko wa kuzigawia halmashauri fedha za kuziba, kufyeka na kubomoa.

Kaunti ya Cook nayo iliunda benki ya ardhi Januari 2013, chombo cha umma kinachoweza kupokea nyumba zisizotakiwa na mtu, kufutiwa kodi zilizolimbikizwa na kuziuza kwa wakarabati wadogo. Chombo cha namna hiyo kinagusa ugonjwa ambao faini haiugusi. Benki iliyopiga hesabu ikaona nyumba ni hasara haitashawishiwa na faini kuipenda. Itatafuta kwa kuitupa, na pasipo pa kuitupa itaiacha hapohapo.

Ule mfuko wa halmashauri haukudumu. Ada zake zilipingwa katika kesi iliyoanzia Kaunti ya Will, si na benki kubwa bali na walalamikaji walioona hawana sababu ya kulipia programu za nyumba kila wanapokwenda mahakamani. Juni 2021 mahakama ya juu ya Illinois iliwaunga mkono kwa hoja moja ya msingi: katiba ya jimbo inampa kila mtu njia ya kupata haki bila kuinunua, na ada ya kufungua kesi inatakiwa kuhusiana na uendeshaji wa mahakama, si na ufyekaji wa viwanja. Ada ikaanguka pamoja na vifungu vya mifuko iliyotegemea ada hiyo. Njia ya mkato ya kesi ikabaki. Gharama ya plaiwudi na mafundi wa kuipigilia ikarudi kwenye bajeti za miji.